Mto Usio na Mlima

Mwaka 1997 nilikuwa mvulana wa kuchunga ng'ombe karibu na Mto Duma, wilayani Bariadi, wakati huo ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Kiangazi mto ulikuwa mchanga mtupu. Tulichimba kisima humo mpaka kina cha kifua, tukasubiri maji yajichuje, tukayateka kwa kibuyu.

Mito ya Kilimanjaro ina msitu huko juu unaoitunzia maji. Mvua ikikatika, chemchemi zinaendelea. Duma na mwenzake Simiyu haikujaliwa akiba hiyo. Inatoka upande wa nyanda za Serengeti, inashuka magharibi kupitia mbuga za udongo mweusi, inaungana, kisha Simiyu unaingia Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke, upande wa Magu. Mvumbuzi Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 aliuhesabu Simiyu kuwa chanzo cha Nile cha kusini kabisa. Alipita Machi. Septemba angekuta mchanga.

Mwishoni mwa 1997 zikaja mvua za El Niño. Alasiri moja kwetu jua lilikuwa linawaka, ila mashariki kumetanda weusi na radi zinamulika. Mjomba akatazama huko, akasema, "Toeni ng'ombe mtoni. Sasa hivi." Tulijikokota. Kwanza tukasikia mvumo, kama lori la pamba likipanda kilima. Halafu likatokea povu la kahawia, halifiki hata magotini, likisukuma vijiti na mavi makavu. Nyuma yake maji yakapanda haraka, kiunoni, kifuani, mpaka kwenye mizizi ya miti ya ukingoni. Kisima kilifukiwa mbele ya macho yangu. Ndama mmoja alichukuliwa. Mama yake alisimama ukingoni akilia hadi usiku, na mjomba hakutugombeza. Hilo liliniuma zaidi.

Tangu siku ile naamini mto wa namna hii mlima wake ni miti na majani ya kando yake, maana hakuna kingine cha kuyapunguza maji mwendo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Nilipopita pale juzijuzi mahindi yalikuwa yamefika ukingoni kabisa. Nilimsalimu mwenye shamba, nikamuuliza. "Shikamoo mzee," akasema, "huku ndiko kwenye rutuba." Ni kweli. Rutuba hiyo ililetwa na mafuriko, na mvua kubwa ijayo itaipeleka ziwani pamoja na mahindi yake.