Kwa Nini Gari la Baba Hatukulipaka Rangi

Kila tukipita na ile Land Rover kuukuu mnatuuliza, "Nyie, mbona hamjaipaka rangi?" Leo tunajibu.

Ni ya marehemu baba yetu, Series IIA ya mwaka 1968. Msimu wa karafuu ilikuwa ikishusha magunia kutoka shamba hadi Wete, nasi ndugu watatu tumekaa juu yake. Baba alipofariki, ikakaa chini ya mwembe miaka 11.

Tulipoamua kuifufua, fundi alituambia, "Dada zangu, naipiga msasa yote, rangi mpya, mtadhani imetoka dukani leo." Tukafurahi, tukamwachia. Siku ya tatu tukaenda na mama kuitazama. Mlango wa kushoto ulikuwa unang'aa. Ndio mlango ambao baba akichora kwa msumari hesabu za pishi za wachumaji. Mama aliupapasa kwa kiganja, akanyamaza. Fundi hana kosa, sisi ndio tuliosema ndiyo bila kutazama.

Tukasimamisha kazi. Usiku ule tukakaa na daftari, tukagawa vitu mafungu mawili: vinavyobeba roho za watu, na vinavyobeba kumbukumbu.

Fungu la kwanza hatukulionea huruma. Breki, matairi, nyaya za umeme, vyote vipya. Kisha chesisi. Bodi ya gari hili ni alumini, hailiki na kutu kama chuma. Lakini chesisi ni chuma, na hewa yetu ya chumvi huila kwa ndani, pasipoonekana. Fundi aliigonga kwa nyundo kipande kwa kipande. Palipoitika kwa sauti ya kufa palikatwa, pakachomelewa chuma kipya. Tundu za kutolea maji zikazibuliwa, ndani tukapaka mafuta mazito. Pale bolti za chuma zinapogusa alumini palikuwa na unga mweupe. Pakasuguliwa, tukatia vipande vya mpira katikati visigusane tena.

Fungu la pili lilipata maji, sabuni laini, kitambaa na nta, basi. Kijani kilichochujuka kimebaki, na mbonyeo wa mnazi wa kwa jirani upo. Kiti cha baba tumetia sponji mpya, ngozi ni ile ile. Palipochanika ameshona mama mwenyewe.

Tusiwadanganye, tuliona haya. Mama alihofia watu watasema watoto wameshindwa kumtunzia baba yao gari. Mpaka leo wapo wanaosema. Lakini gari linashika breki, linapanda kilima na mzigo, na aliyemjua baba hulitambua kwa mbali.

Mlango wa kushoto tumeuacha unavyong'aa. Fundi alijitolea kuuchakaza ufanane na mwenzake, tukakataa. Uzee wa kuigiza hauturudishii mistari ya baba. Msimu uliopita mama alisimama hapo hapo akihesabu pishi, safari hii kwa daftari.

Basi mpenzi, ukiwa na kabati la bibi, cherehani ya mama au gari la baba, kabla hujamwambia fundi "futa yote," lizunguke kwanza. Tazama na nyuma ya milango. Chuma kilichooza kina dawa yake. Kilichofutwa hakina.

Mola awarehemu wazee wetu. Tuonane wiki ijayo, inshallah.