Mafundi wa Kusubu Sanamu wa Swamimalai

Kusini mwa Bara Hindi, katika jimbo la Tamil Nadu, mto Kaveri hupita katikati ya mashamba ya mpunga na migomba. Karibu na mji wa Kumbakonam kipo kijiji cha Swamimalai, ambacho mafundi wake wamejulikana tangu zamani kwa kazi ya kusubu sanamu za miungu ya Wahindu.

Mafundi hao huitwa sthapati, na kazi yao hurithiwa, baba akimfundisha mwana. Ustadi huo ulistawi sana zama za wafalme wa Chola, waliotawala huko tangu karne ya 9 hata karne ya 13.

Fundi huanza kwa ukuti. Hukata utepe wa jani la mnazi wenye urefu sawa na wa sanamu, akaukunja ili apate vipimo vya uso, kifua na miguu, kama vitabu vya kale viagizavyo. Kisha hufinyanga umbo lote kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mti. Juu ya nta hupaka udongo laini wa mto Kaveri, halafu udongo mzito zaidi, na kalibu hiyo hufungwa kwa waya.

Kalibu ikisha kukauka hutiwa motoni. Nta huyeyuka na kutoka kwa tundu, ikaacha nafasi tupu ndani. Hapo ndipo moyo wa fundi humdunda. Shaba iliyoyeyushwa pamoja na madini mengine, na pengine chembe za fedha na dhahabu, humiminwa bila kusita. Ikiwa unyevu umebaki, au hewa imekosa njia, sanamu hutoka na kasoro. Na kwa kuwa nta imekwisha kupotea, kazi yote huanza upya.

Ikisha kupoa, kalibu huvunjwa. Kwa hiyo hakuna sanamu mbili zilizo sawa kabisa. Halafu hufuata tupa na patasi kwa siku nyingi. Macho huchongwa mwisho, kwa sala, kwani kwa waumini sanamu isiyofunguliwa macho bado ni shaba tu.

Sheria ya India sasa yalilinda jina la sanamu za Swamimalai, lisitumiwe ovyo na wafanya biashara wa mahali pengine. Lakini sheria haiwezi kuirudisha nta iliyokwisha kuyeyuka; hilo ni juu ya mkono wa fundi peke yake.