Anzia Ningbo

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia tiketi umeshakata, na ukishuka Shanghai unapanda treni moja kwa moja hadi Yiwu kununua mzigo. Nakuomba ubadili mpango. Anzia Ningbo, bandarini, na uende kwa basi.

Safari yangu ya tatu nilijaza kontena la futi 40 vyombo vya jikoni. Nikamwachia wakala apakie, mimi nikawahi ndege. Lilipofunguliwa Dar es Salaam, vikombe vilikuwa vimelaliwa na masufuria, katoni kwa katoni vigae vitupu. Sikuwa na picha hata moja ya upakiaji, wala namba ya sili inayofunga mlango wa kontena. Mtaji ule ulikuwa wa babu yako. Nilimlipa kwa miaka miwili.

Wakati ule bandari ya Ningbo nilikuwa naijua kwa jina tu, kwenye karatasi za mzigo.

Kata tiketi ya basi linalopita Daraja la Ghuba ya Hangzhou. Lina urefu wa kilomita 36, na kabla halijafunguliwa mwaka 2008 magari yalizunguka kilomita 120 zaidi. Vyuma vya pembeni hubadilika rangi kila kilomita 5, dereva asisinzie. Wewe tazama malori. Yanavyotikisika ndivyo litakavyotikisika lako likitoka Yiwu, ambako ni bara kabisa, kuja bandarini Ningbo. Kila breki itapita kwenye katoni zako kabla hata hazijaiona meli.

Ukifika mjini utafute Sanjiangkou, pale mito miwili inapokutana ikazaa mmoja. Bandari ya kale ilikuwa hapo. Meli za kontena hutaziona. Siku hizi zinafunga gati Beilun, pwani ya mashariki. Getini hawatakuruhusu bila kibali, lakini simama barabarani nje hata nusu saa, uone foleni ya malori. Lori likichelewa, meli inang'oa nanga na kontena lako linabaki kungoja nyingine, huku wateja wako wanahesabu siku. Hilo mimi nilichelewa kulielewa.

Gari usikodi. Leseni yetu huko haitambuliki, hata ile ya kimataifa, na wanaendesha kulia. Pasipoti iwe karibu, maana tiketi hukatwa kwa hiyo. Anwani ya hoteli iandikwe kwa Kichina, kwenye karatasi, simu huzima. Wiki ya kwanza ya Oktoba ikwepe: ni sikukuu yao ya taifa, magari madogo hayalipi barabara kuu, na watu wote wako njiani.

Siku ya kupakia usiende sokoni wala kulala. Simama mlangoni mwa kontena toka katoni ya kwanza mpaka sili igongwe. Kalamu ya wino mzito nimempa mama yako akutilie begini, ya kuandikia katoni za vioo.

Namba ya sili nitumie na mimi, siku hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Nitakuwa macho.

Mjomba wako