Mshahara wa Masika

Masika ikianza, kwa kawaida mwezi Machi, wenyeji wa Moshi hutafuta majembe. Mimi nilitafuta betri. Kazi iliyonilisha ilikuwa kurekodi vyura usiku, Mabogini, Chekereni hadi Kahe, kisha kusema aliyelia ni nani.

Wanaolia ni madume. Kila aina ina mlio wake, kwa kuwa jike gizani hana njia nyingine ya kumjua wa kwao. Ndiyo maana nililiamini sikio kuliko jicho. Vyura wadogo wa matete, hao Hyperolius, wanakupotosha kabisa: jaruba moja, aina moja, huyu ana michirizi, yule ni kahawia mtupu. Mlio wao haukupotoshi.

Niliyempenda ni Kassina senegalensis. Huanza alasiri akiwa bado mbali na maji, chini ya nyasi: kwoi! Sauti inapanda ghafla na kukatika, kama tone kubwa linalodondokea mtungini. Mmoja akitoa, wa pili anapokea, wa tatu anafuata, mpaka ukanda mzima unaitikia. Kumwona ni shughuli. Ukimkaribia ananyamaza, na haruki kama wenzake, anatembea. Tulikuwa tukisimama wawili, mbalimbali, kila mmoja akielekeza tochi anakosikia mlio. Miale inapokutana, hapo ndipo pa kupekua.

Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, uliwaongezea vyura makazi. Ramani yake nilikuwa nayo, lakini nilimtegemea zaidi mama mmoja mgawa maji.

“Shikamoo mzee. Vyura tena?”

“Marahaba mama. Majaruba ya juu vipi?”

“Huko nimefunga tangu juzi. Nenda ya chini, jana hatukulala kwa kelele.”

Kabla ya kuwasha kinasa sauti nilipima joto la hewa na la maji, nikalitamka kwenye kipaza sauti pamoja na tarehe na mahali. Mwili wa chura hufuata joto la alipo. Usiku wa baridi mlio huenda polepole. Rekodi isiyo na kipimo hicho huzua ubishi ofisini, na wanaobishana kwa kawaida hawakuloa.

Mlimani kazi ilikuwa nyingine. Juu ya Mweka, vijito vya msituni vinavuma na kumeza kila sauti. Huko Kilimanjaro kuna chura aliyepewa jina la mlima wenyewe, Strongylopus kilimanjaro. Clarke na Poynton walimtambulisha kwa wanasayansi mwaka 2005, kwa kuchunguza vielelezo vya makumbusho. Miguu na ngozi yake vimeandikwa vizuri. Mimi sijawahi kumsikia, na kwa magoti niliyo nayo sasa, atakayemrekodi itabidi awe kijana.