Siku Kumi na Mbili za Matope

Septemba 1988, muuguzi mmoja kutoka Pangani alishuka kwenye treni katika kituo cha Terme Euganee, kaskazini mwa Italia, akiwa amebeba sanduku lisilo lake. Mwenye sanduku alitangulia, akikanyaga kwa tahadhari kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina. Alikuwa mjane wa miaka sabini na ushei aliyempangisha chumba mjini Padova, na magoti yake yalikuwa yameliwa na baridi yabisi. Kila mwaka, zabibu zilipoanza kuiva, alifunga nyumba yake akaenda Abano, mwendo wa kilomita kumi tu, akakaa siku kumi na mbili akipakwa matope.

Mwaka huo aliomba asindikizwe. Binti wa Pangani alikuwa na miaka 26, amekuja Italia kwa kozi ya miezi tisa, na kichwa chake kilikuwa kimejaa majina ya vidonge. Alikubali kwa heshima zaidi kuliko kwa imani.

"Matope tu, Mama?"

"Matope tu, mwanangu. Utaona."

Alichokiona kwanza ni vilima. Padova imelala kwenye tambarare iliyonyooka kama jamvi, kisha bila kutangulizwa na mwinuko wowote vinachomoza vilima vya Euganei, vimechongoka mithili ya vichuguu, kila kimoja kimesimama kivyake. Kirefu kuliko vyote, Monte Venda, kina mita 601 tu, lakini juu ya tambarare ile kinapata hadhi ya mlima. Ni mabaki ya volkano zilizozimika zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Wageni wengi hudhani volkano hizo ndizo bado zinachemsha maji ya Abano na Montegrotto. Sivyo. Maji yale ni mvua iliyonyesha mbali, kwenye milima iliyo kaskazini, ikapenya kwenye nyufa za miamba, ikashuka kilomita mbili au tatu chini ya ardhi ambako kina chenyewe kina joto, ikasafiri gizani kwa miaka mingi, ndipo ikapanda tena hapa ikiwa na nyuzi hadi 87. Mtu haingii moja kwa moja kwenye maji hayo. Hupozwa kwanza.

Warumi waliyajua. Waliiita sehemu hii Aquae Patavinae, maji ya watu wa Padova, na mungu wa chemchemi wakamwita Aponus, jina lililozaa Abano. Mwandishi Suetonius anasimulia kwamba Tiberius, kabla hajawa mfalme, alitupa dadu za dhahabu ndani ya chemchemi hiyo ili atazamiwe bahati yake. Mama mwenye nyumba alikisimulia kisa hicho kana kwamba kilitokea kwa jirani.

Alfajiri ya kwanza ndiyo iliyomgeuza muuguzi. Saa kumi, nje bado giza, mlango wa chumba uligongwa. Mwanamke mwenye mikono minene, wale wanaoitwa fanghina kwa sababu kazi yao ni kupaka matope, alimchukua Mama hadi chumba cha chini chenye mvuke. Kitandani palitandazwa matope mazito, yenye joto la nyuzi arobaini hivi, rangi yake kati ya kijivu na kijani. Mama alilazwa juu yake, akapakwa mgongoni, mabegani na magotini, akafunikwa shuka. Dakika kumi na tano, ishirini. Kisha akaoshwa, akatiwa kwenye hodhi la maji ya moto, akafutwa, akarudishwa chumbani na kuviringishwa mablanketi atoke jasho. Hapo muuguzi akaona kitu anachokijua. Alimwona bibi yake, Pangani, akitoka kwenye nyungu, amejitanda kanga mbili, uso unameremeta, hataki kusemeshwa na mtu.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuliza, aliuliza. Akaambiwa kwamba udongo huo wa mfinyanzi huchimbwa kwenye kiziwa kidogo karibu na kijiji cha Arquà, kiitwacho Lago della Costa, ambacho nacho hulishwa na maji moto. Ukifika hotelini haupakwi mtu. Humwagwa kwenye mahodhi ya wazi, maji ya chemchemi yakapita juu yake mfululizo kwa siku hamsini hadi sitini. Katika muda huo mwani mdogo sana usioonekana kwa macho huota ndani yake, na mwani huo ndio unaoubadili rangi ukawa kijani. Watafiti wamebaini kwamba mwani huo hutoa kemikali zinazopunguza uvimbe. Udongo usiokaa siku zake ni udongo tu, alisema fanghina. Muuguzi aliiandika sentensi hiyo kwenye daftari lake la kozi, pembeni mwa somo la mzunguko wa damu.

Hakukuwa na anasa katika safari hiyo, na hili ni jambo ambalo leo linahitaji kuelezwa. Mama hakuwa tajiri. Mume wake aliendesha tramu. Alikwenda Abano na karatasi ya daktari, kwa kuwa huduma ya afya ya taifa, iliyoundwa mwaka 1978, ililipia matibabu kumi na mawili ya matope kwa mwaka. Hoteli ilijaa watu wa namna yake: mafundi wa viatu, walimu wastaafu, wakulima kutoka Rovigo, na Wajerumani waliokuja miaka nenda miaka rudi hadi wakajua majina ya watoto wa mpishi. Jioni walicheza karata. Siku ya nne au ya tano maumivu ya Mama yaliongezeka badala ya kupungua, na hakuna aliyeshtuka. Matope, walisema, kwanza huamsha ndipo yakatuliza. Siku ya kumi alipanda ngazi bila kushika ukuta.

Mchana, Mama akilala, muuguzi alipanda basi akatembea. Hapo ndipo alipoona majeraha.

Vilima vya Euganei vina jiwe linaloitwa trakiti, gumu, la kijivu, lisiloteleza haraka. Warumi walilitandika barabarani. Venice ililitandika karibu kila mahali: mtu anayetembea leo kwenye uwanja wa San Marco anakanyaga trakiti iliyopangwa kwa ramani ya mbunifu Andrea Tirali tangu mwaka 1723. Jiwe lilisafirishwa kwa majahazi kupitia mfereji wa Battaglia, uliochimbwa na watu wa Padova kati ya 1189 na 1201. Kwa karne nyingi patasi na nyundo vilikula vilima polepole. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja baruti. Italia ilikuwa inajengwa upya na ilitaka kokoto, chokaa na saruji, na makumi ya machimbo yakafunguliwa kila upande. Mama alikumbuka milipuko iliyotikisa vyombo kabatini na vumbi lililokaa juu ya mizabibu kama unga. Wenyeji waliungana kupinga, na Novemba 1971 bunge likapitisha sheria inayojulikana kwa majina ya wabunge wawili walioipigania, Romanato na Fracanzani. Machimbo mengi yakafungwa. Machache ya trakiti yakaruhusiwa kuendelea kwa masharti.

Mwaka 1988, basi, baruti ilikuwa imenyamaza kwa miaka kumi na saba, lakini kilima hakioti ubavu kwa miaka kumi na saba. Pale Monselice, chini ya ngome ya mfalme Federico wa Pili, alisimama mbele ya ukuta wa mwamba uliokatwa wima katikati ya mji. Kwingine aliona kilima ambacho upande mmoja kilikuwa na mizeituni na upande wa pili kilikuwa mifupa. Na kilele cha Monte Venda hakikufikika kabisa. Palikuwa na kituo cha kijeshi cha ulinzi wa anga, sehemu yake ikiwa imechimbwa ndani ya mlima wenyewe.

Arquà ndiko alikokaa zaidi. Ni kijiji cha mawe kilichong'ang'ania mteremko, na tangu 1868 kinaitwa Arquà Petrarca, kwa heshima ya mshairi Francesco Petrarca aliyemalizia siku zake hapo na kufariki Julai 1374, muda mfupi tu kabla hajatimiza miaka 70. Kaburi lake ni jeneza la marumaru nyekundu ya Verona, limeinuliwa juu ya nguzo nne fupi nje ya kanisa. Muuguzi aliligusa. Lakini kilichomgusa yeye ni mti uliokuwa kando ya mlango wa nyumba moja, na matunda yake madogo ya kahawia.

Kunazi!

Hazikuwa zile zile hasa. Mkunazi wa Pangani ni ndugu wa mti huu, si pacha wake. Waitalia huita tunda lao giuggiola, nalo ni kubwa kidogo na ngozi yake inang'aa. Hata hivyo jani ni lile lile lenye mishipa mitatu, na ladha ilimrudisha chuoni, kwenye mfuko wa sare, mbegu zikitemewa ukutani. Kwao mkunazi una uso mwingine pia: majani yake hutiwa kwenye maji ya kumwoshea maiti, na kwa hiyo hakuna mtu mzima anayeutazama bila kukumbuka. Alipomweleza Mama jioni ile, mjane alikaa kimya kidogo, kisha akamwambia kwamba kwao mtu mwenye furaha isiyo na kifani husemwa ameingia kwenye mchuzi wa kunazi. Wakazungumzia mti mmoja hadi taa za ukumbini zikazimwa.

Alirudi Oktoba 2024. Alikuwa amestaafu, mwanawe anaishi Verona, na safari hii magoti mabovu yalikuwa yake. Mama alikuwa amefariki mwaka 2001.

Treni ni ile ile na kituo ni kile kile. Kijana wa mapokezi hotelini, mpole, aliuliza: "Usiku mmoja au miwili?" Alipojibu kumi na mbili, kijana aliinua macho. Huduma ya taifa bado inalipia matope kumi na mawili kwa mwenye karatasi ya daktari, na wazee bado wanakuja, lakini hawapo tena katikati ya ukumbi. Katikati wamekaa watu wa Ijumaa hadi Jumapili: wanandoa vijana, marafiki wanaosherehekea siku ya kuzaliwa, waliovaa majoho meupe na kupiga picha kando ya bwawa usiku, mvuke ukipanda kwenye taa za buluu. Wanachuliwa miili kwa mafuta, wanakunywa mvinyo mtamu wa Fior d'Arancio, wanaondoka wamefurahi. Hakuna ubaya. Ila matope hayana kazi na mtu wa siku mbili, kwani siku mbili ni muda wa kuamsha maumivu, si wa kuyatuliza. Hoteli kadhaa kubwa za enzi ya Mama zilikuwa zimefungwa, madirisha yamepigwa mbao.

Montegrotto alikuta kitu ambacho mwaka 1988 kisingemwingia akilini: bwawa la kupigia mbizi linaloitwa Y-40, lililofunguliwa Juni 2014, lenye kina cha zaidi ya mita 42, limejaa maji ya chemchemi yenye joto la nyuzi 32 hadi 34, hivyo mzamiaji hahitaji vazi zito. Kwa miaka kadhaa lilikuwa bwawa lenye kina kirefu kuliko yote duniani, hadi Poland na kisha Dubai zikachimba marefu zaidi. Alitazama kupitia kioo vijana wakishuka kwa pumzi moja. Maji yale yale ya Tiberius. Chemchemi za asili zilizochemka zenyewe juu ya ardhi zilikauka zamani, kadiri hoteli zilivyotoboa visima katika karne ya ishirini. Kinachotoka leo kinapandishwa kwa pampu.

Vilima, navyo, vilikuwa vimevaa. Mwaka mmoja tu baada ya safari yake ya kwanza, Oktoba 1989, mkoa wa Veneto uliunda hifadhi inayogusa wilaya 15, hekta zaidi ya 18,000. Wanajeshi waliondoka Venda mwaka 1998. Na Julai 2024, miezi mitatu kabla hajafika, UNESCO iliviingiza vilima vya Euganei kwenye orodha ya hifadhi za binadamu na viumbe hai. Alitafuta kwa macho ile mifupa aliyoikumbuka, na mara mbili ikambidi amuulize mpita njia. Palikuwa na mialoni na vichaka, na ukuta wa mwamba ukichungulia katikati kama paja kwenye mpasuo wa gauni. Pale Monselice tu ukuta umebaki wazi, mkubwa vile vile. Mji umeuzoea.

Hata Petrarca alikuwa amebadilika. Mwaka 2003 wanasayansi walilifungua kaburi ili waichunguze mifupa yake, na mwaka uliofuata wakatangaza kwamba fuvu lililomo halikuwa la mshairi. Vipimo vya vinasaba vilionyesha ni la mwanamke. Kwamba mkono mmoja uliibwa na mtawa mwaka 1630 lilikuwa likijulikana tangu zamani. Muuguzi aliligusa jeneza lile lile, safari hii kwa mkono mwepesi zaidi, akiwaza ni nani huyo mama aliyelala humo, na nani alimwosha.

Ilikuwa Jumapili ya sikukuu ya kunazi. Uchochoro wa Arquà ulifurika watu, ngoma, vikapu, chupa za pombe ya kunazi, mitungi ya jamu. Muuzaji mmoja, bibi mwenye kilemba, alimwona akichagua zilizonywea na kuziacha zinazong'aa, akacheka kwa furaha: wageni wote huchukua zinazong'aa, alisema, kumbe zilizonywea ndizo tamu. "Kwetu pia," alijibu kwa Kiitaliano chake cha 1988. Wakasimama wakila, wakitema mbegu kwenye kiganja.

Ilikuwa siku yake ya tano na magoti yalimuuma sana kushuka mteremko. Hakushtuka. Alinunua kilo moja, akaketi kwenye ukingo wa mawe kusubiri basi la kurudi Abano. Siku saba zilikuwa bado.