Usiupime Uwanda Ukiwa Umelala

Bayview, Chatsworth
Durban

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na mkataba uliouambatanisha nimeusoma kwa makini. Nimefurahi sana kwamba kazi yako ya kwanza baada ya Chuo Kikuu cha Sokoine ni kuorodhesha mimea ya nyanda za juu huko Njombe. Hata hivyo kuna kifungu kimenikosesha usingizi, nami nataka nikuandikie hilo kabla hujatia saini.

Mkataba unasema utaingia uwandani Julai, na ripoti itolewe kabla ya Agosti kwisha. Hapo ndipo pa kusimama. Julai Njombe ni baridi na ukavu, na mimea mingi ya uwanda inakuwa imekufa juu ya ardhi, uhai wake umebaki chini kwenye viazi na mizizi. Kitulo umepaona mwenyewe. Watu wanapaita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 pakafanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake, lakini anayepita huko Agosti ataona nyasi kavu na upepo. Okidi hutoka mvua zikishakolea. Wale wanaochimba viazi vya okidi na kuvipeleka Zambia kutengenezewa chikanda wanaujua msimu wake vizuri. Itakuwa aibu mtaalamu wa mimea asiujue.

Sisemi mwenye mradi huo wa kupanda misonobari ana nia mbaya. Pengine miche iko tayari kitaluni na benki inamsukuma. Lakini orodha utakayoiandika Julai itasomwa na watu ambao hawatakanyaga pale hata siku moja, nao watadhani ndiyo mimea yote iliyopo.

Haya nimeyaona hapa mtaani kwetu. Ukishuka kuelekea mto Umlaas unafika hifadhi ya Silverglen, kipande cha msitu na uwanda wa pwani kilichobaki katikati ya nyumba za Chatsworth. Pita hapo katika baridi ya Julai: nyasi zimekauka, na pembeni kumesongamana Chromolaena odorata, gugu lililotoka Amerika na kuanza kusambaa kutoka Durban hii hii katikati ya karne iliyopita. Mtu mwenye haraka ataandika kwamba hapa hakuna kitu. Sasa rudi Oktoba, hasa pale palipopita moto mwishoni mwa baridi. Hypoxis hemerocallidea, ambayo Wazulu wanaiita inkomfe, imetoa nyota zake za njano. Mimea midogo ya jamii ya mikunde inatambaa kwenye udongo mweusi. Ukipiga magoti na kuwa na subira unaweza kukuta Brachystelma, yenye ua lisilozidi ukucha na kiazi kilichojificha. Vitu hivi vyote vilikuwepo Julai, futi moja chini ya kiatu cha yule mtu wa haraka.

Kampuni moja iliwahi kuleta ripoti ya majira ya baridi kuhusu kipande cha uwanda kisicho mbali na hapa. Iliandika kwamba ni nyasi zilizochakaa na hakuna mmea wa kuzingatiwa. Kibali kikatoka, greda likaingia kabla ya mvua za kwanza. Sentensi ile ilikuwa kweli kwa siku waliyokwenda, na ukweli wa namna hiyo ndio unaonitisha kuliko uongo, kwa sababu hakuna wa kuupinga. Msitu ukikatwa, ukiachwa, miti fulani hurudi. Uwanda wa zamani ukishalimwa, mimea yake ya viazi na mizizi mirefu hairudi katika umri wako wala wa wajukuu zako. Nyasi zitarudi, na mpita njia ataona kijani akaridhika.

Unajua watu nilioolewa kwao. Wazee wao wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliotolewa na manowari za Waingereza kwenye majahazi ya watumwa na kushushwa Durban kuanzia mwaka 1873. Wakaitwa Wazanzibari, wakakaa King's Rest, kule Bluff, kando ya bahari. Ulipokuja ubaguzi wa rangi, karani alikuwa na fomu yenye visanduku na hawa hawakuenea kwenye kisanduku chochote, basi wakaandikwa kuwa ni Waasia wengine. Kwa maandishi hayo, miaka ya 1960 waliondolewa Bluff na kuletwa hapa Chatsworth, mji uliotengwa kwa Wahindi. Aliyejaza ile karatasi huenda alifikiri anamaliza kazi ya siku. Mimi nimeishi na watoto wa watu walioandikwa vibaya, na ndiyo maana siwezi kuichukulia karatasi ya ukaguzi kuwa jambo dogo.

Basi mwandikie mwajiri leo. Omba safari ya pili Januari au Februari, na uonyeshe gharama yake waziwazi, siku ngapi, gari, posho ya msaidizi. Wengi hukubali wakiona hesabu imenyooka. Akikataa, mwambie utaandika ukurasa wa kwanza wa ripoti, si kwenye kiambatisho, kwamba ukaguzi ulifanyika katika kiangazi, na kwa hiyo orodha hii haitoshi kuamulia ardhi hiyo. Akitaka sentensi hiyo iondolewe, ondoa jina lako. Najua una mkopo wa bodi unaokusubiri, na najua kazi hazijajaa barabarani. Ikifika huko, mimi nitakusaidia miezi michache, na baba yako nitaongea naye mwenyewe.

Akikubali, kazi yenyewe uifanye hivi. Usizichague ploti zako kwa uzuri. Gawa uwanda kwanza kwa mteremko, udongo, unyevu na historia ya moto, ndipo uweke ploti katika kila sehemu, hata ile inayokuchosha kuitazama. Penye nyasi za aina moja tu, Aristida junciformis, ile ngumu ambayo hata ng'ombe huikwepa, pima vilevile, kwa maana uwepo wake mwingi unakueleza ardhi ile ilitendwa nini. Andika kabla ya kukanyaga katikati. Kwa kipimo cha Braun-Blanquet, mmea uliofunika zaidi ya robo tatu ya ploti unaupa 5, na ule uliojitokeza mmoja peke yake unaandika herufi r. Vijana huipuuza herufi hiyo kwa sababu haibadilishi hesabu. Mwaka 1895 John Medley Wood, mwanzilishi wa hebaria ya Durban, alikuta msitu wa Ngoye kichaka kimoja cha mmea mfano wa mnazi, wenye mashina kadhaa, wote wa kiume. Wa kike haujapatikana mpaka leo. Shina la mwisho liliondolewa porini mwaka 1916, na kila Encephalartos woodii iliyopo duniani, ikiwemo iliyo katika Bustani ya Mimea ya Durban, ni chipukizi la kichaka kile. Ingekuwa kwenye ploti, ingeandikwa r.

Usichokijua usikibatize jina. Kipe namba, chukua kielelezo chenye ua au tunda, na kama mimea ni mingi chukua na mzizi. Kibane kwenye magazeti siku hiyo hiyo, kwenye lebo uandike rangi ya ua, maana itapotea kikikauka. Nakala moja peleka Hebaria ya Taifa, Arusha, nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ripoti hufungiwa kabatini kwa mwenye mradi, lakini kielelezo kikiwa hebaria mtu yeyote anaweza kukikagua akakusahihisha hata baada ya miaka hamsini.

Tafuta pia wazee wanaochimba dawa, uwasalimie na kuwauliza kabla hujafungua kitabu. Hapa Durban nimejifunza mengi soko la dawa la Warwick, lililo juu ya vipande vya daraja la barabara lisilomalizika, kwa akina mama wanaoujua mmea kwa harufu ya gome tu. Hao ndio waliotangulia kusema kwamba mti wa isibhaha na tangawizi mwitu, iitwayo indungulu, vinapatikana mbali zaidi kila mwaka. Ilikuwa ni kwa ajili ya upungufu huo jiji likaanzisha kitalu cha mimea ya dawa pale Silverglen miaka ya 1980, waganga wakafundishwa kuotesha. Wakikuambia kitu, andika kwamba ni wao waliokuambia, wakiridhia. Ila mahali hasa penye mmea adimu pasiwekwe kwenye ripoti itakayosambazwa. Huku kuna watu wanaoiba mimea ya jamii ile ya Encephalartos usiku kwa kufuata ramani, na huko kwenu wachimbaji wa okidi watafurahia vipimo vyako vya GPS. Vipeleke kwa mamlaka kwa barua ya pembeni.

Nitumie rasimu ya barua yako kwa mwajiri kabla ya Ijumaa, nitaipitia jioni hiyo hiyo. Weka ndani yake tarehe unazozitaka za safari ya pili, zisiwe maneno matupu. Na usisahau sweta. Njombe si Tanga. Nisalimie baba yako na mama yako, na bibi umpe mkono wangu.

Wako akupendaye,
Shangazi