Kikombe, Kinywaji na Kandili la Barafu

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili walizoea kuulinganisha uhusiano wa fani na maudhui na ule wa kikombe na kinywaji kilichomo. Mlinganisho huo umepingwa mara nyingi, na wengine wakapendelea pande mbili za sarafu. Ila sarafu nayo haimwelezi msomaji jinsi pande hizo zilivyopatikana. Yamkini mfano ulio bora uko mbali, katika nchi ambazo maji hayahitaji jokofu ili yagande.

Mjini Harbin, kaskazini-mashariki mwa Uchina, usiku wa Januari baridi hufikia aghalabu nyuzi 20 chini ya sifuri. Huko kandili la barafu lilitengenezwa kwa ndoo, ndoo ya kawaida kama iliyomo katika kila nyumba ya Nairobi. Fundi huijaza maji na kuiacha nje. Maji huanza kuganda juu na ubavuni, pale panapopigwa na baridi kwanza, ilhali katikati hubaki majimaji. Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, na sehemu yake kubwa ni kungoja. Fundi akifanya haraka, ukuta utamvunjikia mkononi. Akichelewa, atapata bonge zima lisilo na pa kuweka mshumaa. Ukuta ukishapata unene wa vidole viwili au vitatu, huimwagia ndoo maji ya uvuguvugu kwa nje, huipindua, hutoboa upande uliokuwa chini, ambao ndio mwembamba zaidi, kisha huyamwaga maji yasiyoganda. Uwazi unaobaki ndio nyumba ya mshumaa.

Tena kuna hili: barafu inapojijenga huisukuma ndani hewa iliyokuwa majini. Bonge lililoachwa ligande lote huwa na kiini cheupe, chenye mapovu, kisichopitisha nuru vizuri. Kumbe kinachomwagwa ndicho ambacho kingeutia ukungu umbo zima. Aliyewahi kulipunguza shairi lake mwenyewe hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Basi kikombe ki wapi, na kinywaji ki wapi? Ndoo imekwisha kuwekwa kando. Kinachoonekana kuwa chombo ni kinywaji chenyewe kilichosimama. Mshumaa nao hauwezi kuitwa maudhui yaliyotiwa ndani tu, maadamu joto lake huula ukuta ule ule unaoonyesha nuru yake.

Inasimuliwa kwamba makandili haya yaliwafaa kwanza wavuvi wa mto Songhua, ambao walihitaji mwanga usiozimwa na upepo. Mnamo 1963 mji uliandaa maonyesho ya makandili katika bustani ya Zhaolin. Mapinduzi ya Utamaduni, yaliyoanza 1966, yakayakatiza. Mwaka 1985 likaanzishwa tamasha la kila mwaka la barafu na theluji. Mtafiti wa fasihi simulizi hana budi kuuliza ni kitu gani kilichouvuka mwanya ule. Hapakuwa na kandili hata moja la 1963 ambalo makumbusho yangeweza kulitunza. Kilichovuka ni ujuzi wa saa ya kuipindua ndoo, nao ulikaa mikononi mwa watu. Anayeamini kwamba ngano imeokoka pindi inaponaswa katika kinasasauti ameokoa picha ya kandili. Saa ile hajaipata, na huenda msimuliaji aliyeijua hakuulizwa.

Siku hizi Harbin hujengwa majumba marefu kwa matofali ya barafu yaliyokatwa mtoni Songhua, na taa za umeme za rangi nyingi hufichwa ndani yake. Yanapendeza, na wageni huyafuata kwa wingi. Hata hivyo, taa hizo hazili ukuta kama ulavyo mshumaa. Majumba hayo husubiri jua la majira ya kuchipua ndipo yaanze kudondoka.